Ulimi Wako Uache Hapa Ngamiani

Mwanangu Salha,

Salamu nilikupa asubuhi ulipokuwa unapiga mswaki, ukaniitikia kwa povu, basi hapa naziruka. Sasa hivi umekwenda Raskazone kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hatakuachia mpaka umekula mara mbili, kwa hiyo nafasi ninayo. Nimekaa uani kwenye meza yangu ya kufungashia ubuyu, makopo nimeyasukuma pembeni, nakuandikia. Ukiona herufi zinayumba usidhani nalia. Ni meza hii, mguu wake mmoja mfupi. Kulia nimekupangia kesho stendi, gari la Mkwaja likishaondoka.

Baba yako yuko ndani anapiga pasi koti lako jeupe. Alilipiga jana, leo analirudia. Nimemwambia, "Baba Salha, hilo koti litaungua kabla halijaiona hiyo maabara." Akanijibu bila kugeuka, "Niache miye, koti la mwanangu." Kisha nikamsikia anaimba. Mtu huyu tangu nimuoe, maana ni miye niliyemchagua asikudanganye, sijapata kumsikia akiimba mchana.

Na miye ndiyo sisemeki. Mwalimu mkuu wa sekondari ya Mkwaja alipopiga simu ulikuwa unaoga, nikapokea. Akasema, "Mama, shikamoo, namtafuta fundi wetu wa maabara." Nikamwambia, "Marahaba, subiri kidogo," lakini sikukuita. Nilitaka kwanza nilisikie tena lile neno, fundi wetu. Akanieleza kuwa jengo limekamilika, rafu mpya bado zinanukia mbao, na maboksi ya kemikali yamefika, hayajafunguliwa. "Tunamsubiri yeye ayafungue," akasema. Nilipokata simu nilikwenda kununua chumvi ambayo sikuihitaji, ili tu nipite mlango kwa mlango niwaambie watu. Nimetamba, Salha. Nimetamba mpaka muuza duka akaniuliza kama wewe ndiye waziri.

Sasa sikiliza. Sikuandikii mambo ya kula, kulala mapema, wala kuangalia marafiki. Hayo nimeyasema tangu ukitambaa, na mengine umeyashika kuliko miye. Nina jambo moja tu, na nimetembea nalo tangu siku ile uliponipigia simu kutoka chuoni. Ni jambo la ulimi wako.

Siye ni watu wa kuonja. Bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alinirithisha biashara hii ya achari na ubuyu pamoja na makopo yake, na makopo yote yalikuwa ya namna moja, yale ya maziwa ya unga, yamesuguliwa mpaka maandishi yakatoka. Ndani yake kila kitu cheupe: ndimu ya unga, magadi soda, shabu ya kukazia achari, chumvi ya kusaga, sukari ya kusaga. Nilipoolewa nilimuuliza, "Mama, kwa nini hatuandiki?" Akanitazama kama nimemtukana. "Uandike cha nini, na Mungu kakupa ulimi?" Ncha ya kidole, ncha ya ulimi, basi, umeshajua. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya nyumba yetu, na nilijivuna nayo.

Kisa cha Nguvumali umekisikia kwa watu wengine, wanavyokikuza. Leo kisikie kwa mwenyewe. Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza darasa la kwanza. Bi Mwanaidi, yule jirani yetu wa zamani aliyehamia Nguvumali, alikuwa anaoza mwanawe, akaniomba nimtengenezee sharubati ya ukwaju. Nilikuwa na mafua mabaya. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya gunia. Lakini kazi ya harusi huikatai, basi nikajitanda khanga, nikatia makopo kwenye kikapu nikaenda.

Sharubati ilikuwa imejaa sufuria lile kubwa la pilau. Shangazi wa bwana harusi akaonja, akakunja uso. "Ukwaju umepwaya huu. Utie ukali." Nikafungua kopo, nikachovya kidole, nikaweka ulimini. Sikusikia kitu. Nikachovya tena, sikusikia kitu. Pale pale ningeweza kumwita mtu yeyote nikamwambia, hebu nitazamie, miye leo sina ulimi. Sikuita. Nilisema moyoni, ah, kazi hii nimeifanya tangu niolewe, nitashindwa na ndimu ya unga? Nikamimina upawa mzima.

Yalikuwa magadi, mwanangu. Unajua magadi yakikutana na ukali yanavyofanya, wewe umesoma sababu zake na miye nimeziona kwa macho. Sufuria lilinyanyuka. Povu la rangi ya udongo likapanda, likamwagika pande zote, likaingia kwenye mikeka, likamfuata Bi Mwanaidi kwenye dera lake jipya na yeye anarudi kinyumenyume. Mama mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi. Mwingine akasema taratibu kabisa, "Mwe, kitu kinachemka na moto hakuna." Baadaye tulicheka mpaka tukashika mbavu, na harusi ikapita na maji ya kawaida, na hadi leo nikienda Nguvumali kuna watu wananiita Mama Povu. Naitika.

Hadithi watu huishia hapo kwenye kucheka. Lakini kosa langu lenyewe halikuwa lile la sufuria, maana pale ilikuwa ni mafua. Kosa lilikuja nilipofika nyumbani. Mtu mwenye akili angechukua kalamu akaandika majina kwenye makopo. Kalamu ilikuwepo, ya kwako ya shule. Miye nilikuita wewe. "Salha, njoo unionjee."

Ukaja mbio na mabutu yako mawili ya nywele, ulimi umeshautoa kabla hujafika. Ukaonja, ukasema, "Ndimu." Ukaonja la pili, "Magadi, mama, kama sabuni." Ukaonja la tatu ukakunja shavu lote, "Hili linabana mdomo," nikajua ni shabu. Hukukosea hata moja. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yako, ukitoka shule, kabla hata hujavua viatu. Ulipofika darasa la nne ulikuwa unaweza kusema kopo la ndimu limeguswa na kijiko cha chumvi. Majirani walikuwa wanakuletea vitu uvionje, na miye nasimama mlangoni nimevimba kichwa. Sikuandika makopo yangu kwa sababu nilikuwa nimepata mtoto wa kuniandikia kwa ulimi wake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na miye nilikulea hivyo.

Ndipo ikaja ile simu. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni.

"Mama, shikamoo. Leo nimewaonyesha kuwa miye mtoto wa Tanga."

"Marahaba mwanangu. Umefanya nini?"

Ukaniambia kuna chupa kibandiko chake kilikuwa kimeoza kwa unyevu kikadondoka. Ndani unga mweupe. Mwalimu katoka, wenzako wanabishana, huyu anasema hiki, yule anasema kile. Wewe ukatia ncha ya kidole, ncha ya ulimi, ukawaambia, "Hii ni ndimu ya unga." Mwalimu aliporudi akaipima, ikawa kweli, ndiyo hiyo hiyo mnayoiita asidi ya sitriki. Wenzako wakakupigia makofi. Mwalimu, ukasema, hakucheka, lakini mwalimu mwenyewe hacheki kamwe.

Miye nilicheka mpaka machozi. Kisha kwa kutaka tu mazungumzo yasiishe nikakuuliza, "Na ingekuwa siyo ndimu?"

Ukasema, "Ningetema, mama."

Tukacheka wote wawili, tukaagana. Nikarudi kwenye maembe yangu ya achari, nikakata moja, nikakata la pili, kisu kikasimama. Ningetema. Nikakumbuka madaftari yako uliyokuwa unayasoma kwa sauti hapa uani wakati wa likizo, ukitutajia majina ya vitu vyeupe ambavyo huwezi kuvitofautisha na chumvi kwa kuangalia, na vingine vina alama ya fuvu la mtu. Nikaona kuwa kutema ni kazi inayofanywa baadaye, kitu kikiwa kimeshafika. Nilitakiwa nikupigie palepale. Sikupiga. Ulikuwa umefurahi sana, nikaogopa kukuharibia siku yako, na kusema kweli nilikuwa na fahari bado. Ulimi ule nimeufundisha miye.

Basi leo nakuharibia, mwanangu, na unisamehe kwa kuchelewa. Chuoni alikuwepo mwalimu asiyecheka. Huko Mkwaja, mwenye ufunguo wa stoo ni wewe peke yako. Ukitia kidole mdomoni hapana mtu wa kukushika mkono, na miye niko mbali na wewe. Hilo ndilo linaloniogopesha katika safari hii nzima. Mengine yote yananifurahisha.

Nimewaza sana kwa nini watu kama siye tunakosea kwenye vitu vidogo. Nadhani ni kwa sababu kitu kikali hata mjinga anakiheshimu. Chupa ya asidi ya betri aliyowahi kuileta baba yako, nani aliyeigusa bila kuogopa? Lakini ndimu ya unga ni mpole. Tunaila. Inaingia kwenye ubuyu wa watoto. Basi unaizoea, na mazoea yana taabu. Ukishauzoea unga mmoja mweupe, kidole kinajifunza njia ya kwenda mdomoni, na kidole hakijui kusoma.

Na huo upole wenyewe una mpaka. Mwaka nilioolewa nilisaga ndimu ile ikalainika kama poda, nikainamia kinu bila kufunika pua. Nilikohoa mpaka wifi zangu wakadhani nina pumu. Kisha nikajipangusa jicho kwa mkono ule ule. Nilipiga ukelele uliosikika msikitini. Bibi yako alinilaza hapa hapa uani, akanifumbua jicho kwa vidole viwili, akanimiminia maji ya mtungi, akamaliza akaagiza mengine, na kila nikisema imetosha anasema bado. Hakunisuta. Baadaye tu akaniambia, "Unga hauna ubaya, mkono wako ndio una haraka." Huko najua una miwani, glavu na barakoa. Vaa hata kwa ule mpole, hata ukiwa peke yako, hata joto la Mkwaja likikuchemsha ubongo.

Joto hilo ndilo jingine. Siku moja utakuwa umechoka, jua kali, watoto wamekupigia kelele kutwa, na mbele yako rafuni iko ndimu ya unga safi kuliko ya mama yako, na maji unayo, na sukari mwalimu mmoja anayo. Utasema, si ile ile? Ndiyo, ile ile. Lakini ya kwangu nakijua kijiko chake. Ya huko hujui kijiko chake jana kilikuwa kimelala na nani. Cha maabara kibaki maabara, mwanangu, na chai yako uinywe nje chini ya varanda kama mtu mwenye adabu zake.

Hewa ya huko ni hii hii yetu ya unyevu, na hapo utawashinda waliosoma bara. Wao huenda hawajaona unga ukigeuka jiwe kwa usiku mmoja kwa sababu mtu ameegemeza kifuniko badala ya kukifunga. Wewe umekulia humo. Umeona nikigonga makopo kwa mchi. Unajua kijiko kikavu ni kipi kwa kukitazama tu, unajua kilichobaki kijikoni hakirudi kopo, na unajua magadi na ndimu haviwekwi rafu moja, kwa maana Nguvumali imetufundisha. Nikifikiria utakavyopanga zile rafu mpya moyo unanipanda. Natamani ningekuwa nzi nikatue kwenye dirisha la hiyo maabara siku unafungua boksi la kwanza. Ukifungua, nipigie simu, uniache nisikie tu mkasi unavyokata utepe.

Halafu kuna watoto wenyewe. Watoto wa shule hawasikii unayosema, wanatazama mkono wako. Wewe ulinitazama miye. Sasa atakuwepo mmoja hapo, simjui jina lakini najua yupo, kitoto kijanja cha kidato cha pili kinachokupenda kupita kiasi, na siku utakayopeleka kidole mdomoni kitakuona. Hakitaonja ndimu. Kitaonja chochote kilicho karibu, ili kifanane na wewe.

Sasa nikwambie nilichofanya leo, maana nimeona si haki nikuombe jambo ambalo miye mwenyewe limenishinda. Ulipotoka tu na bajaji yako nilichukua karatasi, gundi na kalamu ya wino mzito, nikaketi na makopo yote ya bibi yako. Baba yako akachungulia na pasi mkononi. "Umeanza shule?" Nikamwambia, "Ndiyo, na wewe ukimaliza koti uje nikuandikishe." Nikaandika. Ndimu ya unga, na siku niliyoifungua. Magadi. Shabu. Chumvi. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku amepita, lakini unasomeka.

Kopo la mwisho lilikuwa nyuma kabisa, limejaa nusu, na sikukumbuka ni la nini. Nikalitikisa. Nikalinusa kwa mbali. Halafu, Salha, wallahi, kidole changu kilikuwa kimeshachovya na kimefika mdomoni kabla sijajua nafanya nini. Kilisimama hapa, kwenye mdomo, hakijagusa ulimi, na kalamu ya kuandikia iko mkono wa pili. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kisha nikaenda bombani nikanawa, nikalifunika lile kopo, nikalifunga kwenye mfuko, nikalitupa na vyote vilivyomo. Huenda ilikuwa sukari. Sitajua. Ni mara ya kwanza maishani mwangu natupa kitu kwa sababu sikijui, na nimeona kuwa inawezekana, na mtu hafi kwa hasara ya kopo moja. Huko kwenu mna taratibu zenu za kutupa vitu, usifuate zangu. Fuata tu ule moyo wa kusema sikijui hiki, na mkono ukarudi chini.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili. Ulimi wako kesho usiondoke nao. Niachie miye hapa Ngamiani, uwe amana yangu, na amana unajua nyumba hii tunavyoitunza. Huko tumia macho, mizani, vibandiko, na hivyo vipimo vyenu ambavyo sijawahi kuvielewa ila napenda unavyovieleza. Wakikuuliza unajuaje, waonyeshe kibandiko. Kisipokuwepo, sema hujui. Fundi wetu akisema hajui, bado ni fundi wetu.

Nasikia bajaji inapinda kona, na sauti yako unabishana na dereva, kwa hiyo nafunga. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa koti, baba yako akishatosheka na pasi yake. Sikuagi hapa, kesho nitakuaga vya kutosha hata utaona haya mbele ya abiria.

Ila ujue tu kwamba makopo yote ya jikoni sasa yana majina, na lipo moja nimeliosha, nimelianika, nimelijaza ubuyu ule mkali wa ndimu, nikalifunga nikalipandisha juu ya kabati. Kibandiko chake kinasema: SALHA AONJE. Hagusi mtu mpaka utakaporudi.

Akupendaye bila kipimo,
Mama yako, Mama Povu